Kamera ya Elfu Kumi na Tano

Kamera ninayotaka kuwasimulia haina betri, haina kioo cha kuonyesha picha, wala haina tundu la kuchomeka waya. Niliikuta katika soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, muuzaji akiwa ameiweka juu ya rundo la magazeti yasipeperushwe na upepo. Alitaja elfu thelathini. Nilimpa 15,000, akazipokea upesi, na nadhani nilipoondoka alitafuta jiwe.

Ni Olympus Trip 35, ya Kijapani. Zilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984 na ziliuzwa kwa mamilioni, hasa kwa watu wa kawaida waliotaka kamera ndogo ya kusafiri nayo. Ndiyo maana ya jina lake. Haizidi kipande cha sabuni ya mche, lakini ni nzito kwa sababu ni ya chuma. Inatumia mkanda wa filamu wa milimita 35. Wasomaji waliozaliwa baada ya 2000 pengine hawajawahi kuushika mkanda huo, basi niwaeleze: ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za chumvi za fedha. Unatoa picha 36, na ukishazimaliza umezimaliza. Hakuna kufuta, hakuna kurudia, na huioni picha mpaka mkanda usafishwe kwa dawa.

"Ya nini sasa?" ndilo swali nililoulizwa na karibu kila mtu. Frateri mmoja wa darasa langu alitaka kujua kama nafungua makumbusho. Nilikuwa naanza mwaka wa kichungaji. Utaratibu wa malezi yetu unataka tutumie simu za vitufe, zile tunazoziita vitochi, na mimi sina ugomvi na utaratibu huo. Ila nilijua nakwenda kukaa na watu mwaka mzima, nami nimekulia ndani ya picha. Baba yangu mdogo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mpiga picha wa mtaani miaka ya 1980 na 1990. Alizunguka na kamera shingoni kwenye harusi, kwenye Kipaimara, kwenye mahafali ya shule za msingi, na jioni alirudi nyumbani akinuka dawa za kusafishia picha. Harufu hiyo kwangu ni harufu ya utoto.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuikagua kamera ya namna hii kabla ya kutoa fedha. Kuzunguka lenzi kuna pete ya kioo yenye vijumba vijumba kama sega la nyuki. Nyuma ya kioo hicho kuna seleniamu, ambayo ikipigwa na mwanga inatoa umeme kidogo sana, unaotosha tu kusogeza sindano nyembamba ndani ya kamera. Kwa sindano hiyo kamera inajua mwanga ni kiasi gani, ikajichagulia yenyewe: jicho la lenzi lifunguke kiasi gani, na mlango ufunguke kwa sehemu moja ya 40 ya sekunde au sehemu moja ya 200. Hizo mbili tu, basi. Ukitaka kujua kama seleniamu bado ni hai, ziba lenzi kwa kiganja na ubonyeze. Kamera nzima inagoma: kitufe hakishuki, na ndani ya dirisha la kuchungulia unachomoza ulimi mwekundu. Nilifanya hivyo pale sokoni. Ulimi ukachomoza. Nikaielekeza juani, nikabonyeza, ikalia "tik". Baada ya miaka zaidi ya arobaini, bila kubadilishiwa hata kitu kimoja. Hapo ndipo nilipotoa fedha.

Kitu kingine ambacho kamera hii haikifanyi ni kupima umbali. Hilo ni lako. Kwenye pete ya lenzi kuna michoro minne midogo: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kikundi cha watu, na mlima. Mtu mmoja ni mita 1, watu wawili ni mita 1 na nusu, kikundi ni mita 3, na mlima ni mbali kote kunakobaki. Kabla ya kubonyeza inabidi ujue umesimama umbali gani na mtu uliye mbele yako. Kamera haitakuonya. Ukikadiria vibaya, picha itatoka na ukungu na wewe hutajua kwa wiki kadhaa.

Kwa wiki mbili za kwanza parokiani nilitembea nayo bila mkanda, nikijizoeza. Parokia niliyopangiwa ipo vilimani mkoani Kagera, kwenye migomba na mibuni, na mimi ni mtu wa Usukumani niliyezoea kuona mbali. Pale huoni mbali. Mtu anakutokea kwenye migomba akiwa tayari mita tatu mbele yako. Nikawa nahesabu kimoyomoyo: huyu ni kikundi, huyu ni watu wawili. Mita moja nilikuwa naifikia kwa watoto tu. Jaribuni wenyewe muone, mita moja mbele ya mtu mzima usiyemfahamu, bila simu mkononi ya kukuficha, ni karibu sana. Unasikia anavyopumua. Mimi nilikuwa natumwa kila wiki kutembelea wagonjwa na wazee, na kwa kamera hii tupu niligundua kwamba katika nyumba nyingi nilikuwa nasimama kwenye mlima.

(Wapiga picha wa siku hizi wao wana tatizo la kinyume. Wanaopanda hadi altareni wakati wa mageuzi nisiwataje, mnawajua.)

Mikanda mitatu nilitumiwa na padre wa jimbo letu anayesoma Roma, ambaye anapenda mambo haya kuliko mimi. Ni Ilford HP5, nyeusi na nyeupe, ya kasi 400, ambayo ndiyo kasi ya mwisho inayokubaliwa na kamera hii. Kabla ya kuuweka wa kwanza palikuwa na ukarabati wa kufanya. Kamera za zamani zina sponji nyembamba kwenye mfereji wa mlango wa nyuma, la kuzuia mwanga usipenye. Likizeeka linageuka kama lami na kunata vidoleni. La kwangu lilikuwa limekwisha kabisa. Nililikwangua kwa kijiti cha meno na spiriti, halafu mama mmoja wa WAWATA anayefuma masweta ya watoto akanipa kipande cha uzi mweusi wa sufu, nikaulaza ndani ya mfereji. Ulikaa vizuri kuliko sponji.

Niliyekuwa nazunguka naye kwa wagonjwa ni katekista wa kigango kimojawapo, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye watu wote wanamwita Mwalimu. Amefundisha ukatekumeni miaka arobaini na moja. Nusu ya wakristo wa kigango kile walijifunza ishara ya msalaba kwake, na baadhi ya mapadre wa jimbo pia. Siku nilipompiga picha ya kwanza, akiwa anafunga baiskeli yake chini ya mparachichi, aliisikia ile "tik", akaja kutazama mgongo wa kamera.

"Iko wapi?"

"Haionekani sasa, Mwalimu. Iko ndani. Mpaka mkanda uishe, usafishwe."

"Ahaa," akasema. "Hiyo naijua. Hiyo ni ile ya kuambiwa itakuja."

Njiani alinisimulia. Mwaka 1990, Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania, Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji aliyoifikia. Mwalimu na mkewe walipanda meli Bukoba pamoja na waumini wengine, wakalala sitahani, wakaenda kumwona Papa. Mkewe alikuwa ameshona kitenge kipya kwa ajili ya safari hiyo. Baada ya Misa walimkuta mpiga picha, mmoja kati ya wengi waliokuwa uwanjani, wakasimama pamoja, akawapiga. Walilipa palepale. Akaandika anwani ya parokia kwenye daftari na kusema picha itafika kwa posta baada ya wiki mbili. Haikufika. Hawakuwahi kupiga nyingine wakiwa wawili. Mwalimu anazo picha za vikundi vya Komunyo ya Kwanza ambamo yeye amesimama pembeni kama mlingoti, na ana picha ya kitambulisho. Wajukuu waliwahi kumpiga bibi yao kwa simu mara nyingi tu, simu ikaibiwa stendi.

Alisimulia bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani. Mimi ndiye niliyenyamaza. Baba yangu mdogo alikuwa Mwanza siku ile. Wapiga picha wa kanda nzima ya Ziwa walikuwa Mwanza siku ile. Na nakumbuka kwake kulikuwa na bati la biskuti lililojaa picha zisizo na wenyewe, bahasha zilizorudishwa na posta kwa sababu anwani haikusomeka, sanduku la barua limekosewa namba moja, au mtu amehama. Alikuwa hazitupi. Kwa hiyo sikubaliani kirahisi na wanaosema wapiga picha wa zamani walikuwa matapeli. Wengine walikuwa na bati la biskuti. Jioni ile nilimpigia simu mama mdogo nikamwomba atazame. Akaniambia bati lile liliingiliwa na mchwa zamani, likachomwa moto pamoja na magodoro.

Sikumweleza Mwalimu habari ya bati. Ningemwambia nini? Lakini tangu siku hiyo ile kamera ya 15,000 ikawa na deni ambalo halikuwamo katika bei.

Mkewe alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kulia. Kusema anasema, tena vizuri, ila mguu na mkono havimtii. Alikuwa hajatoka nje ya ile nyumba kwa miezi mingi, isipokuwa kusaidiwa kwenda kuoga. Sebuleni kwao kuna picha mbili ukutani: Mwalimu Nyerere, na Kardinali Laurean Rugambwa akiwa na mavazi yake mekundu, mwana wa Kagera aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Bibi hulala katika chumba kinachofuata, chenye dirisha dogo lililozibwa na migomba. Nilikuwa nimekwisha kufika pale mara nyingi kumpelekea Komunyo pamoja na mumewe. Siku hiyo, tulipomaliza sala, niliomba ruhusa ya kuwapiga picha.

Wakakubali. Mwalimu akakaa kitandani kando ya mkewe, akanyoosha kola. Nikaweka pete kwenye watu wawili, nikachungulia, nikabonyeza. Ulimi mwekundu.

Nikafungua pazia. Ulimi mwekundu. Nikafungua mlango wa sebule na wa nje. Ulimi mwekundu. Iko njia ya kuilazimisha kamera hii: ukiitoa pete kwenye alama ya A ukaiweka kwenye namba, itakubali kupiga hata usiku. Lakini ingekuwa picha ya giza lenye macho manne, na nilikuwa nimeshasikia habari za 1990.

"Inakataa?" Bibi akauliza.

"Inakataa, Mama. Inataka mwanga."

"Basi nitoeni."

Mwalimu akasema hapana, ataumia, na jua, na ngazi za mlangoni. Wakaanza kubishana kwa Kihaya, na Kihaya changu kinaishia kwenye salamu, ila kushindwa kwa mzee nilikuona usoni. Akatoka kwenda kuita majirani. Wakaja akina mama wawili wa Jumuiya, wakatufukuza chumbani. Tulikaa nje karibu saa nzima. Tulisikia maji yakimwagwa, sanduku likifunguliwa, kicheko. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa gauni la kitenge na kilemba, na mkono ule usiomtii umefunikwa kwa kanga iliyokunjwa vizuri mapajani. Tulimbeba na kiti chake, watu wanne, tukamweka chini ya mparachichi, pembeni kidogo ya kivuli. Akafumba macho kwa sababu ya mwanga. Alikaa hivyo kwa muda mrefu na hakuna aliyemharakisha.

Nilipiga tatu tu. Ya kwanza kwenye kikundi, mita 3: yeye amekaa, mumewe amesimama nyuma, mikono ubavuni, kidevu juu, kama watu wanavyosimama mbele ya kamera tangu enzi za wamisionari. Ya pili nilisogea hadi watu wawili. Bibi akamwambia mumewe kitu, mzee akachuchumaa kando ya kiti. Kivuli cha tawi kilikuwa kimeshasogea juu yao, na niliisikia kamera ikichagua ule mwendo wake wa polepole; "tik" yake inakuwa ndefu kidogo. Kwa ya tatu nilimwomba ruhusa.

"Naomba nisogee karibu, Mama."

"Sogea. Sing'ati."

Mita moja. Wale akina mama walicheka, yeye akageuka kuwatazama, na hapo nikabonyeza.

Hakukubali kurudishwa ndani. Watu waliokuwa wakipita njiani waliona ametoka, wakaingia kusalimia. Wengine walidhani kuna jambo. Mpaka jua linaelekea kuzama kulikuwa na watu kumi na zaidi kwenye ule uwanja, na mtu alikuwa amechemsha chai.

Kuanzia hapo nilianza kuishi na wasiwasi ambao mwenye simu haujui. Nilikuwa na picha tatu ndani ya kamera iliyonunuliwa sokoni, ambayo haijawahi kuthibitisha hata picha moja mikononi mwangu. Uzi wa sufu huenda unapitisha mwanga. Huenda seleniamu inadanganya. Kila Jumapili Mwalimu aliniuliza kwa upole, "Bado haijaisha?" nami nilijibu bado, maana nilikuwa nimefika ya 25. Wiki ya tatu mkewe alizidiwa, akalazwa katika hospitali ya misheni. Nikaona picha 11 zilizobaki si kitu. Niliuzungusha mkanda nikaurudisha kwenye kigungu chake siku hiyohiyo.

Kuusafisha ilikuwa habari nyingine. Maabara za picha za mkanda tulizozikuta utotoni zimefungwa karibu zote, na dawa zake dukani hazipo. Padre wa Roma alikuwa amenitumia pamoja na mikanda karatasi yenye kanuni iliyonifanya nicheke: filamu nyeusi na nyeupe inasafishika kwa kahawa. Si utani. Mwaka 1995, katika Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, Dkt. Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba asidi zilizomo katika kahawa, zikichanganywa na magadi, zina nguvu ya kugeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Baadaye watu waliongeza vitamini C kuharakisha kazi. Na kahawa inayopendelewa ni ya bei rahisi, ya robusta. Hizo za kifahari hazifai. Mimi nilikuwa nakaa Kagera, nchi ya robusta, ambako Bukoba kuna kiwanda cha Africafé. Roma na Rochester walipaswa kunionea wivu.

Kwa nusu lita ya maji niliweka gramu 20 za kahawa ya unga ya kopo, gramu 27 za soda eshi, ile ya WAWATA ya kutengenezea sabuni ya maji, na vidonge 16 vya vitamini C vya miligramu 500, nilivyovitwanga kwenye kinu. Mzani ulikuwa wa famasi ya hospitali. Maji yawe ya nyuzi 20, na kule vilimani maji yaliyolala usiku kwenye mtungi yanakaribia hapo bila kusumbuliwa. Mchanganyiko huo unatoa harufu mbaya ambayo sina mfano wake katika chakula wala katika zizi. Kahawa sikuinywa kwa wiki.

Hospitali ileile aliyolazwa Bibi ina chumba cha giza cha eksirei. Siku hizi mashine ni ya kompyuta, na chumba kinatunzia ndoo na mifagio, lakini sinki lipo, trei zipo, na Sista wa eksirei alikuwa na galoni moja ya fiksa, ile dawa ya pili inayoondoa chembe ambazo hazikuona mwanga ili picha isiendelee kuwa nyeusi. Ya eksirei na ya mkanda ni jamaa moja. Tulijaribu kwanza kwa kipande cha mwanzo wa mkanda, ambacho hupigwa na jua wakati wa kuuweka. Kwenye kahawa kipande kilikuwa cheusi tititi ndani ya dakika chache. Kingine tulikitia kwenye fiksa, kikawa kioo. Dawa zote mbili ni hai.

Sista alitaka kuwasha taa nyekundu, kama walivyozoea. Filamu ya eksirei haioni wekundu. Huu mkanda unaona rangi zote, hata taa nyekundu inauunguza. Kwa hiyo giza kabisa. Mkanda una urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, nao unashikwa ncha zote mbili na kupitishwa kwenye trei, mkono huu unapanda ule unashuka, bila kusimama, kwa dakika 15. Saa haionekani. Sista akasema Rozari yake, bila litania, ni dakika kumi na tano au kumi na sita, ameipima miaka mingi kwenye zamu. Basi yeye akaongoza na mimi nikaitikia huku nikipandisha na kushusha mikono, na ile harufu. Matendo ya uchungu, ilikuwa Ijumaa. Kwenye fumbo la nne mabega yaliwaka moto, na niliona Sista ameongeza mwendo kidogo kwa huruma, nikamwomba asiongeze.

Fiksa ikaingia. Tukasubiri. Tukawasha taa.

Nilianza kutazama kutoka mwisho. Mkanda ulikuwa wa kahawia, kahawa huacha rangi yake, na katika kahawia ile kulikuwa na vijumba vyeusi na vyeupe vimepangana. Hakuna hata mstari mmoja wa mwanga uliopenya. Uzi wa sufu ulifanya kazi. Kati ya 25, tatu zilikuwa hazina kitu, nyingine zilikuwepo. Nilizitafuta zile za mparachichi kwa kidole. Kwenye negativu mtu mweusi huwa mweupe na kilemba cheupe huwa cheusi, kwa hiyo ilinichukua muda kuamini kwamba yule ni yeye. Sista alimtambua kabla yangu. "Si huyu yuko wodini kwetu?" akasema.

Kule Bukoba kijana wa studio ya picha za paspoti aliushika mkanda akauliza ni nini. Nilimwonyesha namna: kompyuta yake iwe na kioo cheupe, mkanda uwekwe mbele yake, aupige kwa kamera yake ya kidijitali, halafu ageuze cheusi kuwa cheupe. Alipobonyeza kugeuza na uso wa Bibi ukatokea, aliita wenzake wa duka la jirani waje waone. Alikataa kunilipisha ya tatu.

Nilipofika na bahasha, Bibi alikuwa ameruhusiwa, amerudi nyumbani, dhaifu zaidi ya awali. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, hakufungua. Alimpelekea mkewe. Alimshikia moja moja mbele ya macho.

Ya mita tatu aliitazama akasema, "Huyu mzee anasubiri kuhukumiwa?"

Ya pili ina kasoro. Mwalimu alikuwa bado anachuchumaa nilipobonyeza, na kwa ule mwendo wa polepole kichwa chake kimekuwa na ukungu. Bibi yeye ametulia, ananyoosha mkono mzima kuelekea bega la mumewe. Mwalimu aliishika hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine. Akaigeuza, akaona nyuma kweupe, akaomba kalamu. Kwa mwandiko wake wa kikatekista, wa herufi zilizosimama wima, akaandika majina yao mawili na tarehe, na chini yake akaongeza: 1990. Nilimwuliza mbona mwaka huo. Akasema ndiyo ile, imechelewa tu.

Ya tatu, Bibi anacheka amegeuka pembeni, mikunjo yote ya uso inaonekana, na nyuma yake majani ya mparachichi yamekuwa kama moshi.

"Hii iwe ya msalaba," akasema. Kule, kama kwingi kwetu, picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba.

Mwalimu akamwambia aache maneno hayo.

"Wewe ungeweka ipi? Ya simu iliyoibiwa?" Halafu akanigeukia. "Frateri, ya msalaba iwe kubwa. Na mwambie huyo kijana asinifanye mweupe."

Waliotundikwa ukutani ni wale wa ya pili, yenye ukungu, chini ya Kardinali Rugambwa. Msumari niliupigilia mimi, Mwalimu akielekeza juu kidogo, kushoto kidogo. Ya msalaba ipo sandukuni pamoja na kitenge.

Mkanda wa pili nimeshauweka. Habari zimeenea kigangoni, na mwenyekiti wa Jumuiya amenipa karatasi yenye majina ya wazee wanane wanaotaka kutolewa nje, pamoja na siku na saa. Kwenye orodha hiyo juu kabisa, kwa mwandiko wa herufi zilizosimama wima, Bibi ameandikisha nafasi ya kwanza: anataka irudiwe ile ya mita tatu, ila safari hii mume wake awe amekaa.